KIUNGO WETU ASIONDOLEWE
Jawabu kwa ndugu yetu wa masjala

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu hizi chache, nami nitajitahidi nisizimalize peke yangu. Katika toleo lililopita ndugu yetu wa masjala aliandika maneno makali juu ya timu ya watumishi wa hapa Same, akashauri kwamba mkutano mkuu wa chama utakapokutana umwondoe kiungo wetu wa kati, yule kijana wa ofisi ya mifugo, na mahali pake pachukuliwe na mshambuliaji wa pili. Alisema kijana yule hafungi mabao, hakimbii kama wenzake wakimbiavyo, na mpira ukimfikia hukaa nao kama mtu aliyeokota kitu njiani asijue mwenyewe ni nani. Maneno hayo ya mwisho yamewachekesha wengi. Mimi pia nilicheka, nakiri. Walakini tangu siku ile kijana hajaonekana mazoezini, na nimesikia kwamba wajumbe wawili wa kamati wamekwisha kuahidi kura zao. Basi kicheko kimetosha. Sasa ni haki yake apate mtu wa kumsemea.

Siandiki kwa ajili ya undugu. Kijana si wa kwetu, wala hatujapata kunywa chai meza moja. Mimi ni karani wa hesabu, na kazi yangu ya kila siku ni kutazama tarakimu na kuuliza zimetoka wapi. Kwa hiyo naona ndugu yetu amefunga hesabu kabla ya kuzikagua. Ametazama safu moja tu ya daftari, safu ya waliofunga mabao, akakuta jina la kijana halimo, akapiga mstari na kuandika chini yake: hana faida. Karani wa hesabu akifanya hivyo hamalizi mwezi kazini.

Nianze na mchezo ambao sote tuliuona, maana ndugu yetu naye alikuwapo, tena alisimama karibu nami akipiga kelele kuliko watu wote. Ni ule tuliocheza na wageni wa kutoka Mwanga. Kila akaaye Same anaujua upepo wetu wa alasiri, ule unaoinua vumbi hata mtu asiione bendera ya kona. Kipindi cha kwanza kijana wetu hakucheza, kwa kuwa alichelewa kurudi kutoka kuchanja ng'ombe huko Ruvu. Je, tulifanya nini bila yeye? Mabeki wetu walipiga mipira mirefu juu. Mpira ukipanda, upepo unaupokea. Mara unaurudisha ulikotoka, mara unaupeleka nje kwenye miiba. Mshambuliaji wetu alikimbia mbele na nyuma kama mtu anayefukuza kofia yake, na hadi kipenga cha mapumziko hakuwa amepiga hata shuti moja la kumsumbua golikipa. Tulikwenda kunywa maji hali tumefungwa bao moja.

Kipindi cha pili kijana aliingia, na soksi zake zingali na tope la zizini. Hakukimbia, ni kweli. Alisimama pale katikati akaomba mpira uje chini, miguuni. Ulipomfika aliukanyaga, akawapa adui mgongo, akatulia. Hapo ndipo watu walipoanza, ndugu yetu wa masjala akiwaongoza: "Toa! Toa mpira!" Hakutoa. Hafubeki wa Mwanga mmoja akamjia, kisha wa pili naye akatoka mahali pake, kama kuku walioona mahindi. Nyuma yao pakabaki uwanda mtupu. Ndipo kijana alipotoa pasi fupi kwa namba nane, naye akaupeleka mpira katika uwanda ule kwa winga wa kulia, winga akakata krosi ya chini, na mshambuliaji, ambaye kipindi kizima cha kwanza tulimwona hafai, akausukuma wavuni kwa ufundo wa mguu. Bao la pili lilikuja kwa njia iyo hiyo, ila upande wa kushoto. Tukashinda mabao mawili kwa moja. Mfungaji alibebwa mabegani mpaka sokoni. Kijana wa mifugo aliinama akafungua kamba za viatu vyake, akatafuta baiskeli yake.

Sasa nauliza: katika daftari la ndugu yetu, jina la kijana limo wapi? Hakufunga. Wala hakutoa pasi ya mwisho, ile ambayo siku hizi huhesabiwa na kusifiwa magazetini. Yeye alikuwa mtu wa nne kutoka wavuni. Lakini mwondoe yeye, na mnyororo wote unakatika. Na hili si la kubahatisha, kwa kuwa tulikwisha kuonyeshwa katika kipindi cha kwanza jinsi unavyokatika.

Lawama kubwa kuliko zote ni kwamba anakaa na mpira. Nastaajabu lawama hii kutoka kwa mtu aliyezaliwa milimani kwetu. Je, ndugu yetu amesahau ndiva? Vijana waliokulia mjini pengine hawajui, basi nieleze. Vijito vya Upare ni vidogo. Mtu akikiachia kijito kiende zake mferejini mchana na usiku, maji hunywewa na udongo njiani, na shamba la chini halipati hata tone. Kwa hiyo wazee wetu walichimba ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji usiku kucha, kama ile ya Manoo huko Bangalala. Asubuhi tundu likizibuliwa maji hutoka kwa nguvu, kwa zamu iliyopangwa, yakafika mashamba ambayo kijito peke yake kisingeyafikia kamwe. Mgeni akipita usiku akaiona ndiva imezibwa, atasema: watu hawa wajinga, shamba lina kiu nao wameyafunga maji. Ndivyo alivyosema ndugu yetu pale kiwanjani, isipokuwa yeye si mgeni.

Kiungo hodari huuzuia mpira kwa sababu hiyo hiyo. Hauzuii apate kujionyesha. Anangoja adui asogee, winga afike mahali pake, na mshambuliaji ageuze uso wake kuelekea goli. Sekunde mbili zatosha. Akiuachia mapema, mpira unafika mbele nao hauna nguvu, umekutana na mabeki wanne waliojipanga wima. Akichelewa mno, ananyang'anywa. Hodari ni yule ajuaye saa ya kuzibua. Nami nasema kwamba kazi ya kushambulia huanza pale, wala si karibu na wavu ambapo macho ya watu wengi huanzia.

Najua ndugu yetu atajibu kwamba nimejenga nyumba juu ya mchezo mmoja wa vumbi. Haya, tutoke Same tutazame Ligi Kuu ya nchi yetu, ambayo hesabu zake kila mtu anazijua.

Mwaka 2018 klabu ya Simba ilimleta kiungo kutoka Zambia, jina lake Clatous Chama. (Namtaja mtu, nisije nikasomwa kana kwamba nazungumzia chama chetu hiki, ambacho hakijapata kufunga bao.) Katika misimu mitatu aliyokaa mara ya kwanza, Simba ilitwaa ubingwa mara tatu, na mara zote tatu mfungaji bora wa ligi alikuwa mshambuliaji wa Simba: Meddie Kagere msimu wa 2018/19 kwa mabao 23, Kagere tena msimu wa 2019/20 kwa mabao 22, kisha John Bocco msimu wa 2020/21 kwa mabao 16. Watu waliimba majina ya wafungaji, na haki yao. Mwezi Agosti 2021 Chama akauzwa RS Berkane ya Moroko, na siku hizo hizo winga Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Kagere alibaki. Bocco alibaki. Chris Mugalu naye alibaki. Yaani washambuliaji wote watatu walikuwapo, tena ni wale wale.

Ikiwa mashambulizi ya timu ni mali ya washambuliaji, Simba isingepungukiwa na kitu. Lakini mwezi Oktoba 2021, baada ya kushinda 2–0 ugenini Botswana, ilifungwa 3–1 nyumbani na Jwaneng Galaxy, ikatolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Ubingwa wa nchi ulikwenda kwa Yanga. Cheo cha mfungaji bora kilihamia Geita Gold kwa George Mpole, mwenye mabao 17, na aliyemfuata alikuwa Fiston Mayele wa Yanga kwa 16. Mwezi Januari 2022 Simba wakamrudisha Chama. Msimu uliofuata Mayele na Saidi Ntibazonkiza walilingana kileleni kwa mabao 17 kila mmoja, na huyo Ntibazonkiza alimaliza msimu akivaa jezi ya Simba.

Mimi ni karani, sipendi kuongeza sifuri mbele ya tarakimu ya mtu. Miquissone aliondoka pamoja na Chama, kwa hiyo hasara ile si ya mmoja. Tena Simba ilikuwa bingwa wa 2017/18 kabla Mzambia yule hajakanyaga Dar es Salaam. Sisemi kiungo mmoja ni timu nzima. Nasema tu kwamba washambuliaji walewale, katika jezi ileile, walipungua walipopungukiwa na watu wa kuwalisha.

Tena liko jambo la upande wa pili, nalo ndilo linanipa moyo wa kubishana. Yanga walikuwa hawajapata ubingwa tangu msimu wa 2016/17. Mwaka 2021 wakamleta kiungo wa chini kutoka Uganda, Khalid Aucho, na mwaka huo huo wakamleta Mayele kuwa mshambuliaji. Wakawa mabingwa. Watu wakasema: Mayele. Sawa. Lakini mwaka 2023 Mayele akaenda zake Misri, Pyramids, na Aucho akabaki. Kwa hesabu ya ndugu yetu wa masjala, Yanga wangekauka. Tarehe 5 Novemba 2023 waliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Bao moja lilifungwa na mshambuliaji, Kennedy Musonda. Manne yalifungwa na watu wa katikati: Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki moja, na Pacôme Zouzoua moja. Wakatwaa ubingwa wa msimu ule na wa msimu uliofuata, hata ikawa minne mfululizo.

Basi tazama mambo haya mawili yakiwa kando kwa kando. Huku watu wa kulisha waliondoka na wafungaji wakabaki, mashambulizi yakafifia. Kule mfungaji aliondoka na watu wa kati wakabaki, mashambulizi yakazidi. Sijui jaribio lililo bora kuliko hili hata kama tungekuwa na uwezo wa kuwahamisha wachezaji wenyewe kwa barua.

Msimu ule wa 2023/24 mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki, kiungo, kwa mabao 21. Wa pili alikuwa Feisal Salum wa Azam, kiungo mwingine, mwana wa Zanzibar, kwa mabao 19. Msimu wa 2024/25 mfungaji bora alikuwa Jean Charles Ahoua wa Simba kwa mabao 16, naye kiungo. Wengine katika upande wangu wanazitumia tarakimu hizi kama rungu. Mimi sizipendi sana. Kwanza, penalti zimo ndani yake. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, zimewaharibu vijana. Nenda leo katika kiwanja chochote, hapa mjini, au Hedaru, au juu Mamba, waulize watoto kila mmoja anataka namba gani. Wote wanataka namba kumi. Namba sita hakuna amtakaye. Wanamwachia mtoto mnene, au mdogo wa mwenye mpira. Wamefundishwa kwamba kiungo anastahili sifa akifunga, yaani akiacha kuwa kiungo. Huko ni kumpima ng'ombe wa maziwa kwa urefu wa pembe. Aucho alikuwa na mabao machache, na sijapata kumwona mtoto wa Same aliyejiita Aucho. Ila nikiulizwa katika timu ile ya Yanga ni nani aliyewapa Aziz Ki na wenzake ruhusa ya kwenda mbele bila kutazama nyuma, nitamtaja yeye kabla ya wote.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo ndugu yetu aliiandika vizuri, wala sitaipita kwa mbali kama kwamba sikuiona. Alisema: Chama huyo mnayemsifu, alikuwa wapi Simba ilipofungwa 5–0 Kinshasa na AS Vita mwezi Januari 2019, na 5–0 tena Misri na Al Ahly mwezi Februari? Ni swali la haki. Katika kundi lile Simba ilipata alama tisa, zote za nyumbani; ugenini ilicheza mara tatu, ikafungwa mabao 12, haikufunga hata moja. Mcheza kwao hutunzwa, lakini bingwa hutakiwa atunzwe na ugenini pia.

Jibu langu linarudi kule kule kwenye ndiva. Kijito kikikauka, ndiva hubaki shimo la tope. Kiungo hawezi kuuzuia mpira asioupata. Timu inapobanwa ndani ya eneo lake dakika tisini, mabeki wakiupiga mpira popote ili mradi uondoke, kiungo wa kushambulia huwa mtazamaji aliye karibu kuliko watazamaji wengine. Kwa hiyo mabao yale kumi hayashuhudii kwamba kiungo hana nguvu. Yanaonyesha mpaka wa nguvu zake ulipo. Na walipoupata mpira, je? Tarehe 16 Machi mwaka ule ule, Vita hao hao walikuja Dar es Salaam, wakatangulia kufunga, Mohamed Hussein akasawazisha, na dakika ya 90 Chama akafunga bao lililoipeleka Simba robo fainali. Na kabla ya hapo, mwezi Desemba 2018, Nkana ya Zambia ilikuwa imeishinda Simba 2–1 kwao; marudiano yalikwisha 3–1, na bao la tatu, lililoamua mambo, lilikuwa la Chama pia. Nayataja haya mabao kwa kuwa ndugu yetu ndiyo ayapendayo.

Atauliza tena juu ya mwaka 2024, Chama alipohamia Yanga, na Simba bila yeye ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwezi Mei 2025, ambako Berkane waliishinda 2–0 kwao na kutoka 1–1 Zanzibar. Je, hapo Simba ilikuwa haina kiungo? Ilikuwa naye. Iliondokewa na kiungo, ikanunua kiungo, ndiye Ahoua niliyemtaja. Haikununua mshambuliaji wa pili ikasema pengo limezibwa. Mtu akiibiwa jembe hununua jembe, hanunui kikapu cha pili cha kuvunia.

Na mambo haya si ya kwetu tu. Wazee watakumbuka kusikia jinsi Hungaria ilivyoifunga Uingereza 6–3 huko Wembley tarehe 25 Novemba 1953. Nándor Hidegkuti alivaa namba tisa mgongoni, lakini hakukaa mbele. Alirudi katikati, na beki wa Uingereza aliyepewa kazi ya kumlinda hakujua amfuate au abaki. Alipomfuata, nyuma yake palikuwa wazi. Alipobaki, Hidegkuti alicheza apendavyo. Alifunga mabao matatu. Na katika siku hizi zetu, Manchester City walikuwa na Rodri, kiungo wa chini, ambaye mwaka 2024 alipewa Ballon d'Or. Mwezi Septemba mwaka ule aliumia goti. Erling Haaland, mfungaji wao, hakuumia namna hiyo, akafunga mabao 22 ya ligi, ambapo msimu wa nyuma alifunga 27. Lakini timu nzima, iliyokuwa imefunga 96 msimu wa 2023/24, ilifunga 72 msimu wa 2024/25, ikashuka toka ubingwa hadi nafasi ya tatu. Mabao 24 yalipotea, na mshambuliaji mwenyewe alipungukiwa na matano tu. Mengine walipunguza nani? Uzee wa baadhi yao na majeraha ya mabeki vilichangia, nalikubali hilo. Hata hivyo ningependa kumwona ndugu yetu akizisawazisha hesabu zile bila kuandika jina la mtu ambaye kazi yake haikuwa kufunga.

Bwana Mhariri, nikuombe radhi sasa niseme neno lisilo la mpira. Nimestaajabu kuliko yote kwamba shauri hili limetoka masjala. Barua ikiingia ofisini, tarishi huileta, karani wa masjala huipokea, hulitafuta jalada lake, huitia namba, hulisukuma jalada kwa mwenye kuhusika kwa wakati wake, wala halipeleki mezani kwa mkubwa kabla maandishi yaliyotangulia hayajakamilika. Mkubwa hutia sahihi. Barua ya shukrani ikirudi, huandikwa jina la aliyetia sahihi. Ndugu yetu amelalamika juu ya jambo hili mwenyewe, katika mikutano yetu, mara nisizoweza kuhesabu, na mimi nimempigia makofi. Mwaka jana alipokwenda likizo kwao, jalada moja lilitafutwa siku nne, na mwisho lilionekana chini ya birika la chai. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba dawa ni kumwondoa karani wa masjala na kuongeza mtia sahihi wa pili.

Simtakasi kijana. Ana makosa, nami nimeyaandika pembeni ya daftari langu. Akinyang'anywa mpira hurudi akitembea, na siku moja tutafungwa kwa ajili hiyo. Hubishana na refarii kuliko inavyompasa mtumishi. Pasi zake za mguu wa kushoto hazina shabaha. Kamati na imkaripie kwa hayo, na mwalimu wa timu amfundishe. Lakini shauri lililoletwa ni la kumwondoa, na mahali pake awekwe mshambuliaji. Naona tutakuwa tumebadili mshambuliaji mmoja mwenye njaa kwa wawili wenye njaa, wote wakitazama juu, wakiungoja mpira ushuke kutoka katika upepo.

Kura itapigwa mkutano mkuu utakapokutana, na mimi nitaipinga hadharani. Kabla ya siku hiyo tuna mchezo mmoja. Nimekwenda mwenyewe ofisi ya mifugo, nikamwomba kijana arudi, akanijibu kwamba atakuja akimaliza kazi ya chanjo. Namwomba ndugu yetu wa masjala aje naye, tusimame mahali petu palepale. Mimi nitaleta karatasi, yeye alete penseli. Tukifunga bao, asiandike jina la mfungaji. Hilo wote tutalijua. Aandike majina ya wanne waliougusa mpira kabla yake, kisha karatasi hiyo aende nayo mkutanoni, aisome kwa sauti yake mwenyewe, na apige kura apendavyo.

Wako mtiifu,
KARANI WA HESABU
Same